Tuta la Nyumbani

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu zote unazozijua zipokee kwa mkupuo, maana dereva wa lori ameshawasha injini na ananipigia honi utadhani nimemfichia mke.

Mimi mzima. Duka nalo zima, isipokuwa paa linavuja palepale juu ya mifuko ya mbolea. Shemeji aliniuliza mbona nyanya za shamba kubwa zinapigwa dawa kila wiki na wadudu bado wanarudi kama wapangaji wasiolipa kodi. Mwambie jibu ninalo, na liko nyuma ya jiko lako. Ni lile tuta lenu la nyumbani. Najua mtaninunia. Kila mkulima ninayemuuzia dawa analo la kwake: shamba la sokoni linapulizwa, tuta la nyumbani haliguswi, kwa kuwa hilo ndilo la kula wenyewe. Hata marehemu mama alikuwa nalo. Lakini Dada, wadudu hawajui lipi la soko na lipi la nyumbani. Mkipuliza kule wanahamia huku, wanazaana kwa raha zao, kisha wanarudi kazini. Mmewajengea nyumba ya wageni.

Nimempa dereva chupa mbili za dawa mpya. Shemeji alipige lile tuta mara moja tu, na kwa kuwa halijawahi kuguswa asiweke kifuniko kimoja kwa bomba, aweke viwili. Hapo mtaona. Nataka shamba lote liwe safi kufikia Julai, kwa sababu kampuni imekubali: siku ya wakulima mwaka huu itafanyika kwenu! Maturubai, spika, wakubwa na miwani yao. Wakiridhika, uwakala ni wangu. Nimeshawaambia kwamba hakuna anayelima nyanya kama dada yangu na mumewe, kwa hiyo msiniaibishe.

Mkaguzi wangu hajambo? Nasikia bado anazunguka na kikapu chake nyuma ya jiko, anang'ata nyanya mojamoja na kutangaza ipi imefaulu na ipi imefeli. Na bado anapiga breki akiona kile kitambaa chekundu mnachotundika shambani mkishapuliza? Siku ile alipomrudisha hata mbwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwambie mjomba amemtafutia kofia ya kampuni, nyekundu, ya saizi ya kichwa cha mkaidi. Nitaileta mwenyewe Julai.

Kesho nasafiri kwenda mafunzo ya kampuni, mbali, sijui nitarudi lini. Basi, huyu mtu ataniachia moshi.

Mdogo wako,
Daktari wa Nyanya (usicheke, ndivyo wateja wanavyoniita)


30 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii dereva ataiacha kwa jirani yako mpaka urudi. Sijui itakukuta lini. Kabla hujaendelea, kaa chini.

Mkaguzi ametutoka. Alianza kuumwa adhuhuri, tumbo na kutapika, na jua lilipozama tukawa hatuna mtoto. Zahanati walisema ni homa ya tumbo. Tumemlaza karibu na mama. Watu walikuwa wengi, walitusaidia kila kitu, hata kaburi lilichimbwa na wachuuzi wa nyanya kutoka sokoni.

Najua utataka kupanda lori la kwanza. Usije. Nakuomba kama dada yako, usije kwanza. Shemeji yako hataki kuona mtu. Anakula nikimwekea kijiko mkononi. Kazi ya shamba anaifanya, lakini bomba la dawa amelilaza chini ya mti na halishiki.

Usiniulize maswali mengi.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Nimerudi jana. Jirani alinipa barua yako akiwa ameishika kwa mikono miwili, nikajua kabla sijaifungua.

Nimekaa dukani tangu asubuhi, mteja akiingia namwambia sina, hata kile kilicho mbele ya macho yake. Ile kofia iko hapa juu ya mizani. Nimeigeuza ili nisione nembo.

Homa ya tumbo gani inayomaliza mtoto mzima kwa mchana mmoja? Yule mtoto alikuwa na afya kuliko sisi sote. Walimpima? Mlikuwa mnachemsha maji? Samahani, nimeuliza tena baada ya kuambiwa nisiulize. Ni mjomba wake, Dada. Mimi ndiye niliyempa jina la Mkaguzi. Umeninyima kaburi na sasa unaninyima hata sababu.

Lakini sitakuja kama hutaki. Mpe shemeji pole zangu. Mwambie asilaze bomba kwa muda mrefu, wadudu hawana matanga. Sikusudii ubaya, unajua ninavyosema nikiwa na maumivu. Kampuni nimewaambia kuhusu msiba wakasikitika. Siku ya wakulima bado ipo, lakini kama mtashindwa niambieni mapema.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Asante kwa sukari na mablanketi. Tumeyapata.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno laini, sikuyapata, kwa hiyo naandika hivihivi. Siku ya wakulima isifanyike hapa. Na usitume tena dawa, hata chupa moja. Tumeacha. Tumejiunga na kikundi cha kilimo hai, watu kama thelathini, wengi wanawake, na mwalimu wetu ni mama mmoja mnene anayecheka hata akishika samadi. Anatufundisha kuoza majani na kinyesi cha ng'ombe mpaka viwe mboji, kupanda vitunguu katikati ya nyanya, kuchemsha majani machungu na kuyachuja. Nimeshajaza mashimo mawili. Mgongo unauma, lakini usingizi napata kidogo.

Utauliza kwa nini. Ni bei. Yuko mnunuzi wa mahoteli, anataka nyanya zisizo na dawa na analipa vizuri. Hiyo tu. Usitafute jambo jingine.

Shemeji yako anakusalimu.

Dada yako


25 Juni

Dada,

Shemeji hajanisalimu. Ninamjua. Tangu aanze kunichumbia dada hajawahi kutuma salamu bila utani, na hizo zako zimekauka kama gunia.

Sasa nisikilize. Mimi si mgeni katika biashara hii. Huyo mnunuzi wako wa mahoteli nimemfuata nikamuuliza. Anasema ananunua nyanya kwa bei ya soko, iwe zimepigwa dawa, iwe zimeombewa dua. Bei ileile! Kwa hiyo unanidanganya, na hujui kudanganya, hujawahi kujua tangu tuibe maziwa ya mama ukayasema mwenyewe kabla hajauliza.

Wamekulisha nini hao watu? Huyo mama wa samadi amekuambia mdogo wako anauza sumu? Dawa hizohizo ndizo zilizonunua mabati ya nyumba yako. Mlipokuwa mkivuna kreti mpaka lori linakataa, hamkusema sumu. Leo nimewaahidi wakubwa wangu shamba la mfano, na nitawaambia nini? Kwamba dada yangu amerudi kwenye majivu na majani machungu? Nimeaibika mbele ya watu wanaonipa ugali wangu. Uwakala wamempa mwingine, jamaa asiyejua hata nyanya inaanzia kuiva upande gani.

Sawa, una msiba. Hata mimi ninao. Lakini sikuutumia kukugeuzia mgongo.

Dereva ameniambia kikundi chenu kitakuwa na mkutano wa wazi mwishoni mwa Julai, kila mkulima atasimama aeleze kwa nini ameacha dawa. Basi nitakuja nisikie kwa masikio yangu. Kama ni mimi ninayesemwa, nisemwe nikiwepo.

Mdogo wako, kama bado unaye


8 Julai

Mdogo wangu,

Usije kwenye mkutano. Njoo siku nyingine yoyote, nitakupikia, tutagombana mpaka tuchoke. Siku ile usije.

Ni kweli bei ni ileile. Ni kweli pia tumevuna nusu, na nusu ya hiyo nusu ina matobo. Huna haja ya kwenda kuuliza watu, nakuambia mwenyewe. Na bado hatupigi dawa. Sababu ninayo na sikuisema kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. Niamini mara hii moja kama ulivyokuwa ukiniamini nikikushika mkono kuvuka mto.

Dada yako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Nilikuona. Ulisimama nyuma kabisa, karibu na lundo la mboji, kofia ya mtoto umeikunja mkononi. Nikataka kuja nikutoe pale kwa nguvu, lakini mkutano ulikuwa umeshaanza.

Uliwasikia wote. Yule kijana wa karoti alisema ameacha dawa kwa sababu ya gharama. Mama wa kabichi akasema udongo wake ulikuwa umechoka kuliko yeye. Mzee wa vitunguu akasema ameacha kwa sababu mkewe ameacha, na mkewe akiacha kitu nyumba nzima imeacha, watu wakacheka, hata wewe nilikuona meno. Kisha shemeji yako akasimama. Sikujua kama angesimama, hakuniambia. Aliposema, "Nililipiga dawa tuta la nyumbani, nikaenda sokoni bila kumwambia mtu," nikageuka kukutazama, hukuwepo tena pale. Niliona mgongo wako unatoka getini.

Kwa hiyo hukusikia mengine, na ni haki yako kuyajua. Asubuhi ile mimi nilikuwa mtoni nafua. Alipuliza lile tuta kama ulivyoandika, vifuniko viwili, kisha lori likaja mapema akapakia kreti akaondoka nalo. Alipanga kunieleza jioni. Kitambaa chekundu hakutundika, kwa sababu pale nyuma ya jiko hapajawahi kuwa na mti wa kutundikia. Hakukuwa na haja. Mtoto akachukua kikapu chake akaenda kukagua. Alitii, mdogo wangu. Ndicho kinachonimaliza. Hakuvuka kitambaa chochote. Alikula pale tulipomfundisha kwamba ni salama.

Shemeji yako hakukutaja mbele ya watu. Hajawahi kukutaja hata kwangu. Barua yako ya Machi niliichoma mwenyewe, maana nilimkuta anaisoma kila siku kama mtu anayetafuta neno lililoruka.

Sasa lipo jingine, na hili hata yeye halijui. Nilipomfikisha zahanati, mtoto anatoka jasho na mate, macho yamekuwa madogo kama punje, nesi aliniuliza: "Ameshika dawa ya shamba? Amekula kitu kilichopulizwa?" Aliuliza mara mbili. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa hasira, tena kwa majivuno, kwamba amekula nyanya za nyumbani na nyumbani kwangu hakipulizwi kitu. Nesi akaniamini. Akamtundikia maji, akampa vidonge vya homa ya tumbo. Shemeji yako alipofika na lori tupu na kusema alichofanya, nesi alikimbia, lakini alikuwa anakimbilia mtoto ambaye ameshaondoka. Mume wangu anajua tu kwamba walichelewa kutambua. Hajui ni nani aliyewachelewesha.

Ndiyo maana nilikuzuia usije. Niliogopa ukifika utauliza, na nikianza kujibu nisingeweza kuacha katikati.

Umeniuliza kwa nini tumeacha. Si kwa sababu huyo mama amenifundisha kukuchukia. Siku moja baada ya arobaini nilikuwa napanga nyanya kwenye kreti za soko, zile za shamba kubwa, nikajikuta nawaza: wanaokula hizi nani anawatundikia kitambaa? Nao wana watoto wenye vikapu. Miaka yote tulikuwa na shamba la watu na tuta letu, na hatukuona aibu. Sasa sitaki shamba ambalo lazima nimfundishe mtoto wapi ale na wapi asile. Hiyo ndiyo sababu yangu, na haina bei nzuri, wala haina mavuno, na kuna siku naitazama mimea inavyoliwa nalia kwa hasira.

Nikasirikie, lakini andika.

Dada yako


19 Septemba

Dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana. Hii nampa dereva kabla sijaisoma.

Nilipotoka getini nilitembea mpaka barabara kuu. Sikumbuki njia. Nilifunga duka, nikalala, sikutaka kuona chupa. Kisha nikafungua tena, Dada, sitakudanganya. Sijui kazi nyingine na nina watoto. Dawa bado nauza.

Lakini juzi aliingia mama mmoja mkulima wa matango, akanunua, na mimi nikamuuliza kama ana tuta la nyumbani. Akacheka. Akasema, "Daktari, nani asiye nalo? La watoto hilo." Nikataka kumwambia. Nikashika ukingo wa meza, yeye akadhani ninaumwa, akaniletea kiti changu mwenyewe. Nikakaa, nikamweleza yote, mtoto, vifuniko viwili, nyanya. Aliniachia chupa juu ya meza akaondoka. Sasa nimeshusha pazia jekundu la dukani na kulikata vipande. Kila anayenunua namfungia kipande na maelezo, siku ngapi asile, siku ngapi asiuze. Wengine wanarudisha dawa. Wakubwa wameanza kuuliza mbona mauzo yameshuka. Nimewajibu kwamba sijui.

Niliandika karatasi nzima siku ile ya Machi. Niliandika kuhusu paa, kuhusu spika, kuhusu mke wa dereva. Neno moja la kusubiri kabla ya kula sikuandika. Nalijua kama jina langu, nalisema dukani kutwa, na kwa watu wangu nikalisahau kwa haraka ya siku ya wakulima. Siombi msamaha kwa barua. Nitauomba nikiwa nimesimama mbele ya shemeji, akitaka kunipiga anipige.

Kuhusu nesi. Ulimwambia ukweli uliokuwa unaujua. Mimi na shemeji ndio tulioubadilisha ulipokuwa mtoni, na hakuna aliyekuja kukuambia. Usiubebe peke yako. Mwambie mumeo, Dada. Yeye amesimama mbele ya watu wote akasema lake, na wewe unalala naye kitanda kimoja na lako limefungwa. Mtakufa wote wawili humo ndani, kila mtu na upande wake.

Mdogo wako


14 Novemba

Mdogo wangu,

Nimemwambia.

Ilikuwa jana, tunamenya maharage nje ya jiko. Nilisema yote bila kumtazama. Maharage yalibaki mkononi mwake, nikasema moyoni, basi, leo ananiacha. Kisha akainuka akaenda nyuma.

Hujaliona lile tuta. Siku ya tatu baada ya maziko alichimbia mti hapo, akatundika kitambaa chekundu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeingia. Hatukupanda, hatukupalilia. Lakini nyanya zilizoanguka zimeota zenyewe na mvua hizi, zimetambaa mpaka ukutani, zimezaa, ndogondogo, nyekundu, ndege wanazigombania. Tulikuwa tunapita tukitazama pembeni.

Nilimfuata. Nilimkuta anafungua kile kitambaa. Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua, akalifungua kwa meno, akakikunja, akakitia mfukoni. Akaingia, akachuma nyanya moja, hakuifuta hata vumbi, akaing'ata. Alitafuna taratibu, amefumba macho, uso ameuinamisha upande kama alivyokuwa akifanya Mkaguzi.

Akasema, "Imefaulu."

Kisha akakaa palepale kwenye udongo na kulia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu Machi, na mimi nikaingia nikakaa karibu yake. Nusu iliyobaki alinipa nikaila.

Njoo, mdogo wangu. Amesema uje. Ile kofia usiiache.

Dada yako